Hazina ya Kabatini

Mkusanyaji wa stempu akiombwa apunguze maboksi, hujibu kwamba hiyo ni mali, na kadiri inavyozeeka ndivyo inavyopanda bei. Hoja tamu, ila uzee si uadimu. Penny Black, stempu ya kwanza ya kubandika duniani, ilitoka Uingereza mwaka 1840, zikachapishwa takriban milioni 68. Zilizotumika bado zinauzwa, nyingi kwa bei isiyofika ya simu janja ya kawaida. Iliyopigwa mnada New York mwaka 2014 kwa karibu dola milioni 9.5 ni ya Guiana ya Uingereza ya mwaka 1856, nayo inajulikana moja tu. Za bwana mkubwa ni za miaka ya themanini, zilizochapishwa makusudi ili watu kama yeye wazinunue.

Atasema basi ni historia, si biashara. Sawa, lakini historia isiyo na orodha, iliyogandana kwa unyevu albamu kwa albamu, wasomaji wake ni mende. Angebakiza chache zenye kisa, nyingine akawagawia watoto wa shule, wangezitazama. Labda ndicho anachohofia: watoto huuliza maswali.