Kugombana na Ndala

Jana usiku mpwa wangu anayesomea uchoraji alinionyesha viti viwili kwenye simu. Viti tu. Kimoja cha mbao, kimesukwa majani, juu yake kiko na tumbaku. Kingine kina mikono, juu yake mshumaa unawaka na vitabu viwili. Van Gogh alivichora mwaka 1888 huko Arles, Ufaransa, alipokuwa akikaa nyumba moja na mchoraji mwenzake Gauguin: cha kwanza chake, cha pili cha mgeni.

"Unaona, mjomba? Watu hawamo, lakini wamo."

Walikaa pamoja miezi miwili, mwenyeji akajikata sikio. Hapo nilimwelewa, nami nimewahi kukaa na wageni.

Nikamwambia, kesho twende bombani.

Maji yakipotea mtaani kwetu Buyenzi, saa kumi alfajiri foleni huwa imejaa na mtu hayupo hata mmoja. Ni madumu ya njano ya lita 20. Lenye kizibo cha gunzi ni muuza mandazi. Lililofungwa kipande cha kitenge ni mama mkwe wa kinyozi. Usiliguse hata kwa bahati mbaya. Lililoungua mdomo ni mimi. Asiye na dumu huweka jiwe, na jiwe hilo huheshimiwa kama shehe. Tusishangae sana: kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia, na mwami, mfalme wa Burundi, alikuwa na Karyenda, ngoma yake takatifu. Basi jirani yangu akiwa nusu tofali kuna ubaya gani?

Leo nimekwenda kunywa chai, dakika kumi tu. Kurudi, mbele ya dumu langu kuna ndala. Moja, ya kushoto, ya bluu, kamba imeshikizwa kwa waya. Nikauliza ya nani. Kimya. Nikaiambia irudi nyuma, watu tuna utaratibu.

"Mzee, iache, ilikuwepo," akasema mmoja.

Ilikuwepo! Ndala imepata shahidi, mimi sina.

Mwenyewe kaja zamu yake ilipofika, mguu mmoja peku, akajaza madumu matatu. Matatu, kwa ndala moja!

Nageuka nimlalamikie mpwa wangu, kumbe kapiga magoti, anaipiga picha foleni.

"Mjomba, sogea kidogo," akasema. "Unaharibu picha."