Kitoweo Kisichofika Nyumbani

Kwetu pwani mtu aliyetoka kuvua haulizwi bahari ilikuwaje, wala moyo wake ulihisi nini jua lilipochomoza. Huulizwa amepata nini, na jibu lake hutafutwa kikapuni, si kinywani. Kwa kanuni hiyo, ambayo ni ya haki na imelisha vizazi kwa vizazi kutoka Vanga hadi Kiunga, mimi sihesabiwi miongoni mwa wavuvi, ijapokuwa sina siku ya mapumziko isiyonikuta na ufito mkononi, na ijapokuwa fungu la mshahara wangu linalosalia baada ya kodi ya nyumba na karo ya watoto huishia aghalabu katika ndoana. Mimi ni ashiki wa besi, na besi ni samaki ambaye watu wa mila yetu humvua kwa gharama, humshika kwa taadhima, humpiga picha, kisha humrejesha majini akiwa mzima, naye huondoka, kwa kadiri nilivyoweza kumsoma usoni, akiwa amechukia.

Nilizaliwa Mombasa, lakini riziki ilinipandisha bara hadi Naivasha, ambako maji yako karibu mita 1,900 juu ya bahari niliyoizoea, hayana chumvi, hayajui kupwa wala kujaa, na mahali pa papa yameweka viboko. Besi naye si mwenyeji. Ziwa lile, kabla watu hawajaanza kulipandikiza viumbe vya kila namna, lilikuwa na aina moja tu ya samaki, kijisamaki ambacho hakingetosha hata kuwa chambo cha heshima, na ambacho kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962. Na wapata mwaka wa 1929 akaletwa besi wa mdomo mkubwa kutoka Marekani, ili wapenda tafrija wa zama zile wapate cha kuwashughulisha Jumapili. Perege nao wakaletwa, na mwaka wa 1970 kamba wekundu wa Louisiana, ambao besi aliwapokea kwa furaha kubwa, kwa kuwa ni chakula cha kwao. Na mwanzoni mwa karne hii akaja karpi, bila ya kualikwa na mtu, akazaana hata akajaza nyavu za wavuvi wa kweli. Basi mimi wa Mombasa na besi wa Marekani tunapokutana katika mafunjo ya Naivasha ni wageni sote wawili, na mwenyeji wetu ni kiboko, ambaye hajapata kusifiwa kwa ukarimu.

Lakini besi si samaki wa kudharauliwa. Taya lake hupita nyuma ya jicho, na chochote kinachoingia katika kinywa kile, akiwa chura, kamba, kifaranga cha ndege au mwanawe mwenyewe, hakiombewi msamaha. Hana kope za kujikinga na jua, kwa hiyo hupenda vivuli, akajibanza chini ya mafunjo au baina ya mashina ya migunga iliyofishwa na maji ziwa lilipopanda, naye huvizia huko kwa subira ambayo laiti ningekuwa nayo nusu. Zaidi ya hayo, dume ndiye aleaye: yeye hufagia kiota kwa mkia wake, hulinda mayai, na hulinda watoto wakishaanguliwa, ilhali mama yao amekwenda zake kilindini. Nilimsimulia mke wangu habari hii jioni moja kwa madhumuni ya kumwonyesha kwamba nafuatana na samaki mwenye tabia njema. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba watoto, miaka yote hii unamfuata, na hilo hujamwiga?"

Sasa niseme habari za vyombo, kwa sababu mwenye shauku hii hutumia saa nyingi zaidi mbele ya sanduku lake la chambo kuliko mbele ya maji. Mwaka wa 1949 Mmarekani mmoja aitwaye Nick Creme, mkaazi wa Akron katika jimbo la Ohio, alibuni nyungunyungu wa plastiki, laini, mwenye kunesanesa majini, na tangu siku ile akina sisi hatukupumzika. Anayedhani kwamba nyungunyungu mmoja hutosha bado hajaingia chuoni. Kuna wa zambarau kwa maji yenye tope, wa kijani kwa maji maangavu, weusi kwa giza la alfajiri; kuna wenye mikia iliyonyooka na wenye mikia iliyopinda; na kuna waliotiwa harufu ya kitunguu thaumu, maadamu yupo mtu aliyeyakinisha kwamba samaki hupenda viungo. Ni ilimu pana, na kila mwanachuoni wake humpinga mwenziwe. Nililolishuhudia mimi ni kwamba rangi inayotakiwa leo ni ile iliyobaki nyumbani.

Na kwa kuwa joto huwayeyusha wakashikamana, mimi huwatunza wangu katika friji, nyuma ya mtindi, jambo ambalo mke wangu alilivumilia hadi alipokuja kututembelea mama yake. Mama mkwe wangu ni mwanamke ambaye, kwa adabu tulizofunzwa, simtaji kwa jina wala simkodolei macho, na neno lake kwangu ni amri. Alfajiri ile aliamka kabla yetu sote ili atuandalie kifungua kinywa, na nilipoingia jikoni kumwamkia nilimkuta mbele ya bomba, chujio mkononi, akiwasuuza nyungunyungu wangu wa zambarau, na kando yake sukari, iliki na kopo la siagi vikingoja.

"Baba," akaniambia kwa upole, "hizi tambi zenu za bara zina utelezi gani? Naziosha, naziosha, hazikubali. Na tena zanuka thomu."

Mtu aliyewahi kusimama mbele ya mama mkwe wake akitakiwa kueleza kwa nini ameweka wadudu wa plastiki karibu na maziwa ya watoto atanielewa. Asiyewahi, namwombea Mungu asimjaalie. Nilisema ni mali ya kazini. Naye, kwa heshima ya kazi iliyomlisha bintiye, aliwakausha mmoja mmoja kwa kitambaa, akawarudisha katika mfuko wao na kuufunga kwa uzi, na hadi leo kila anaponijulia hali kwa simu huuliza iwapo ofisi yetu imepata tambi zilizo bora.

Mazoezi ya kurusha hufanywa uani, na hayo nayataja kwa ufupi, kwa kuwa jirani wangu bado yu hai. Kulikuwa na upepo, na ndoana ilikuwa ya ncha tatu, na leso ya jirani ilikuwa kambani upande wa pili wa ukuta. Na mtu akishakamata kitu kizito, mkono wake hukivuta kabla akili haijauliza ni nini. Leso ile iliinuka, ikapita juu ya ukuta, ikaja uani kwetu ikiwa imekunjuka yote, maandishi yake yakisomeka na kila aliyetoka nje kutazama: Ukija kwa Hila Utarudi kwa Aibu. Ilibidi mke wangu awe balozi, na ubalozi ule ulinigharimu jozi mpya ya leso, ambayo jina lake lilichaguliwa na wao wawili na sikuonyeshwa.

Lakini udhia mkubwa wa mchezo huu si gharama, ni ushahidi. Mvuvi wa pwani hana nafasi ya kusema uongo, kwa sababu samaki wake yuko mzanini sokoni na wateja wamemzunguka. Sisi tulijiondolea kinga hiyo wenyewe. Ray Scott wa Alabama, aliyeanzisha chama cha wavuvi wa besi mwaka wa 1968, alianza mwaka wa 1972 kuwahimiza washindani wake wasiwaue samaki, bali wawahifadhi hai, wapimwe, kisha waachiliwe, na desturi hiyo ikaenea kwa wapenzi wa besi dunia nzima. Ni desturi njema kwa samaki. Kwa mvuvi asiye na mzani wala mwamuzi, aliye peke yake katika mafunjo saa moja ya asubuhi, ni fitina tupu, kwa maana samaki aliyeachiliwa huendelea kukua kila anaposimuliwa, na hakuna kikapu cha kumrudisha katika kimo chake. Katika simu yangu zimo picha zinazodhihirisha kidole gumba changu, mawingu, na maji yaliyotawanyika hivi punde.

Wenzetu wa zamani hawakuwa na taabu hiyo. Tarehe 2 Juni 1932 kijana George Perry alivua katika jimbo la Georgia besi wa ratili 22 na wakia 4, akampima, na jamaa zake wakamla, kama ilivyo wajibu. Uzito ule ulikaa bila ya mshindani hata tarehe 2 Julai 2009, alipotokea Manabu Kurita huko katika ziwa Biwa, Japani, akavua wa kumzidi yule kwa chini ya wakia moja; na kwa kuwa kanuni yataka ongezeko la wakia 2, majina yao yaliandikwa sawasawa. Lakini kabla hayajaandikwa, Kurita alifungwa kwenye mtambo unaopima uongo, akahojiwa, akafaulu. Mvuvi kahojiwa juu ya samaki wake na mtambo ukakubali! Mimi naona hilo ndilo lililostahili kuwekwa katika madaftari, na uzito ungefuata chini kwa herufi ndogo.

Mjomba wangu, ambaye amevua umri wake wote nje ya mwamba huko Mtwapa, alipopanda bara kwa ajili ya arusi ya jamaa, alitaka aonyeshwe kazi hii niliyokuwa nikiisifu kwa simu. Tulikodi mashua, na mwenye mashua akatushusha majini alfajiri, mjomba akiwa amevaa kofia yake ya vito, sweta langu, na juu ya sweta langu koti langu. Aliupokea ufito, akaukunja, akauliza bei. Nilimtajia nusu yake. Aliurudisha polepole, kwa mikono miwili, akatoa katika mfuko wa kanzu mshipi wake wa mkono uliozungushiwa kipande cha ubao, akamwomba mwenye mashua tonge la ugali katika chakula chake, akalifinyanga ndoanani, akatosa.

Nilikuwa ningali nikimfafanulia uhusiano uliopo baina ya rangi ya zambarau na hali ya mawingu alipopandisha karpi wa kwanza. Nilipobadilisha rangi, wa pili alikuwa chomboni. Hapo besi akaruka kando ya mafunjo, mkubwa, nikamwona tumbo. Nikarusha kwa pupa, kidole kikachelewa kuikanyaga rili, na mshipi wote ukajisokota ndani yake fundo juu ya fundo. Niliinamia fundo lile kwa pini ya leso nisijue kwamba mashua inakokotwa na upepo, hadi nilipomsikia mjomba akinong'ona.

"Mwanangu, yule ni nani?"

Niliinua macho. Palikuwa na masikio mawili juu ya maji, yakitikisika.

"Ni kiboko, mjomba."

"Anakuja au anakwenda?"

"Hajasema bado."

Mwenye mashua alivuta kamba ya injini, ikakohoa. Akavuta tena, ikakohoa tena. Mjomba akaanza kusoma aya anazozijua, na alikuwa amefika mbali injini ilipokubali. Tukakimbia, ufito umelala ubavuni, nyungunyungu wa zambarau akiburutwa nyuma yetu pasina kuongozwa na ilimu yoyote, na ndipo besi alipomkamata. Nathubutu kusema kwamba sikufanya kosa lolote katika kumvuta, ingawa sikufanya lolote katika kumpata. Aliruka, akatikisa kichwa, akazama, akaruka tena, hata akachoka; nikamshika kwa taya la chini, na vijino vyake vikanikwangua kidole gumba kikawa kama nazi iliyopitishwa mbuzini. Mwenye mashua alipiga picha ambayo ndani yake yumo mjomba, imo kofia ya vito, na umo mkia. Kisha nikainama, nikamtia majini, nikamsukuma kidogo, akaenda.

Mjomba aliyatazama maji kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "ikiwa huna haja naye, ulimwitia nini?"

Sikuwa na jibu la kumfaa mtu mzima, na mwenye mashua akanionea huruma. "Ndiyo kazi yake, mzee," akamwambia. "Hulipa na mafuta kwa ajili hiyo."

Karpi walipikwa kwa nazi usiku ule, na mke wangu alimkirimu mjomba kwa kichwa cha samaki na kwa maneno ambayo mimi sijapata kuambiwa mezani pale. Kesho yake, kabla hatujaenda kituo cha basi, mjomba aliomba apewe mfuko mmoja wa nyungunyungu, wajukuu wake wapate mchezo. Haukupita muda mrefu akanipigia simu, sauti imeshuka, nadhani asisikiwe na wenziwe bandarini, akaniarifu kwamba yule wa zambarau amemjaribu mwambani kwa ajili ya kucheka tu, na chewa wawili wamemla, naye amewala chewa. Kwa hiyo nifanye hima nimtumie wengine kwa basi la usiku, ila wawe wale wa thomu, kwa kuwa wasio na harufu chewa wa huko huwatema.