Kubana Matumizi kwa Mgongo wa Nani?

Januari hapa Babati ni mwezi wa daftari. Ada, sare, viatu vya shule, michango na mbegu za msimu huja kwa mkupuo, wakati fedha ya mbaazi za mwaka uliopita imeshaliwa zamani. Usiku mmoja wa mwezi huo baba watoto alikaa mezani akajumlisha matumizi yetu yote: mkaa, LUKU, bando, pampasi za mtoto mdogo, nauli za bajaji, soda za wageni. Mkaa peke yake ulikuwa umekula fedha ya kununulia mbuzi wa maziwa.

Alipoweka kalamu chini, alitangaza. Kuanzia kesho nyumba yetu itaishi kwa kiasi. Pampasi basi. Bajaji ni ya mgonjwa tu. Mkaa upungue nusu. Kinachooza kisitoke nje ya uzio, na kisichooza kisinunuliwe.

Nilimuunga mkono kwa moyo wote. Kila alfajiri naziona pikipiki zikiingia mjini na magunia ya mkaa yaliyofungwa hadi juu ya kichwa cha dereva, na najua kinachoachwa nyuma: kwa tanuru la kienyeji la udongo, kilo 1 ya mkaa inaweza kumeza kilo 5 hadi 10 za kuni. Naziona pia chupa za plastiki ambazo mvua huzisukuma kuelekea Ziwa Babati, kwenye viboko wetu na nyavu za vijana wetu. Mtu anayeishi kati ya ziwa lile na Mlima Kwaraa hahitaji kuhubiriwa mazingira. Tulikuwa na nia moja. Kilichotusumbua ni kazi.

Tulianza na taka. Sehemu kubwa ya kinachotoka jikoni kwetu ni maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mboga, majivu: vitu vya kurudi shambani. Baba watoto alichimba shimo nyuma ya banda la kuku, akaagiza kila kinachooza kiingie humo. Kiliingia kweli, pamoja na makombo ya ugali, vichwa vya dagaa na mifupa ya supu. Wiki haikuisha, mbwa wa mtaa wakawa wameijua njia, panya wamehamia bandani, na jirani yetu, mama mtu mzima mwenye staha zake, akapiga hodi.

"Karibu ndani, mama."

"Sikai, mwanangu. Nimekuja tu kuwauliza kama mmefiwa na kuku."

Afisa ugani mmoja tunayefahamiana naye ndiye aliyetuonyesha namna. Chini weka mabua na majani makavu, juu yake maganda mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo, halafu rudia. Nyunyiza maji hadi lundo lilowe bila kutota. Nyama, samaki na mafuta visikaribie. Katikati simamisha fimbo ndefu. Baada ya siku kadhaa ichomoe uishike: ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi, ikiwa baridi na kavu, ongeza maji, ikitoka na harufu mbaya, hewa haipiti, geuza lundo lote. Joto la ndani linaweza kupita nyuzi 60, na ndilo linaloua mbegu za magugu. Mwanetu wa kiume alipoichomoa fimbo kwa mara ya kwanza aliiachia hapo hapo. "Mama, inaunguza!" Alikimbia kuwaita wenzake waje kuigusa.

Mboji ilitengemaa. Lakini lundo halijigeuzi. Kazi ya jembe na uma ilimwangukia mtoto yule yule, alfajiri kabla ya shule, hadi siku mwalimu alipotuma ujumbe kuuliza kwa nini anachelewa namba.

Ikaja zamu ya nepi. Pampasi ni gharama kweli, na jalalani ni balaa, maana ile plastiki yake itamzika mtoto aliyeivaa na wajukuu zake. Tukarudi kwenye winda za kitambaa, kama tulivyolelewa sisi. Asiyezifua hukumbuka weupe wake kwenye kamba. Anayezifua anakumbuka kuloweka, kusugua, kuchemsha, kusuuza mara ya pili na ya tatu, na ndoo za maji zinazotangulia kila hatua. Halafu masika yakaingia. Mawingu yakashuka Kwaraa yakagoma kupanda, winda zikalala kwenye kamba siku nzima na kuingia ndani jioni zikiwa na ubaridi ule ule wa asubuhi.

Binti yetu mkubwa aliniona nakausha vitambaa kwa pasi usiku, akanihurumia. Kesho yake nilirudi kutoka sokoni nikakuta madirisha yamefungwa kuzuia mvua, kamba imepita sebuleni ukuta hadi ukuta, na katikati jiko la mkaa linawaka. Mdogo wake amelala kwenye kochi. Nilimnyakua mtoto kwanza, nikalitoa jiko uani, kisha nikafungua kila kilichofungwa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala nayo wasiamke. Binti alilia. Sikumgombeza. Alikuwa anajaribu kuubeba mzigo ambao hakuna mtu mzima aliyekuwa ameuwekea mpango. Na mkaa tuliouokoa jikoni ndio huo ulikuwa unateketea sebuleni.

Ikabaki kuubana mkaa wa jikoni, na hapo kikaingia kikapu. Hiki nakisifu mpaka leo. Chukua kikapu kikubwa, tandika blanketi kuukuu na mabaki ya nguo pande zote, tengeneza mto mnene wa kufunika juu. Chemsha chakula kwenye sufuria yenye mfuniko mzuri, kiepue kikiwa bado kinatokota, kitumbukize kikapuni, funika, ondoka. Joto lililomo ndani ya chakula humalizia kazi lenyewe. Mchele wa Magugu tulioupika hivyo ulitoka umechambuka, hakuna ukoko, na jiko lilikuwa limezimwa zamani.

Mafanikio yale yalimpa baba watoto hamasa. Akaanza kupunguza dakika. Uji ukakubali. Viazi vikakubali. Jumamosi ambayo mama yake alikuja kutoka upande wa Duru kutusalimia, alipika yeye mwenyewe, kumuonyesha mama maisha mapya. Yalikuwa maharage mekundu. Yalipotoa povu la kwanza tu akaepua, akayafunika kikapuni hadi jioni.

Tulikaa mezani. Ganda lilikuwa laini, moyo ukiliza meno kidogo. Mama mkwe alitafuna polepole, akaweka kijiko.

"Mwanangu, haya hayajakubaliana na moto."

"Yameiva kwa mvuke wake, mama. Kula."

Mama hula alichopikiwa na mwanawe. Saa mbili baadaye alikuwa ameinama kwenye beseni, wajukuu wawili wako chooni, na mpishi mwenyewe amekaa kizingitini hana rangi. Bajaji tuliyoiachia wagonjwa tu iliitwa, ikajaa, ikarudi kuchukua waliobaki. Kwenye zahanati walipewa maji ya chumvichumvi ya ORS, na hadi usiku wa manane tumbo lilikuwa limetulia kwa wote.

Muuguzi alitueleza, nami naeleza kwa sababu kikapu hiki nataka watu wakitumie. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, na punje chache tu zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko wa kweli. Joto la uvuguvugu wa muda mrefu haliiondoi, na linaweza kuifanya iwe kali zaidi. Kwa hiyo loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, yachemshe yatokote nusu saa nzima bila kukatiza, ndipo yaingie kikapuni. Nusu saa hiyo ya mkaa haibanwi.

Asubuhi mama mkwe alikunywa uji mwembamba, akamwita mwanawe akae. Nilitaka kutoka, akanizuia. "Kaa na wewe, mkwe. Haya ni ya nyumba nzima."

Alianza na zamani. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ile ilizaa miaka. Sabuni ilipoadimika, watu walifulia majani ya mpapai. Sukari ilipangiwa foleni. "Nilifua winda zako kwa majani ya mpapai," alimwambia. "Nilifanya kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Usiyatamani maisha yale kwa kuwa ulikuwa umebebwa mgongoni."

Halafu akahamia kwao. Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, kusini mwa mji huu, ulikaribia kufanywa hifadhi ya serikali kuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijiji vinavyouzunguka, Duru, Riroda, Gidas, Ayasanda na wenzao, vilikataa, vikaomba kuulinda vyenyewe. Mwaka 1994 makubaliano yakaanza kushika, na msitu ule wa hekta zipatazo 9,000 ukawa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kusimamiwa na wanavijiji wenyewe. Waliketi kwenye mikutano, wakapanga nani ataokota kuni kavu na wapi, ng'ombe watalisha upande gani, nani atafanya doria, faini itakuwaje. Wanawake wanaobeba kuni walikuwa na neno, maana sheria ya kuni isiyomjua mbebaji haimalizi wiki.

"Sisi tulibana kuliko ninyi," alisema. "Lakini tulikaa kwanza. Wewe umetunga sheria, kazi ukawaachia wenzako."

Baba watoto hakujitetea. Jioni ile ile aliitisha kikao, watoto wakiwemo, na daftari likafunguliwa upya. Winda zinavaliwa siku za jua, pampasi ni za usiku na za masika. Jumamosi na Jumapili anafua yeye. Lundo la mboji analigeuza yeye, mtoto anabaki na fimbo yake ya kupimia joto. Kikapu kimebaki, pamoja na saa ya ukutani iliyohamishiwa jikoni. Mtungi mdogo wa gesi umeongezwa kwa chai ya asubuhi na maji ya mtoto. Bajaji inaruhusiwa kwa mzigo wa soko, maana gunia halipandi mlima kwa nia njema. Na kuna kanuni moja juu ya zote: hakuna katazo jipya mpaka atakayelibeba akubali.

Mkaa haujapungua nusu, ila umepungua, na unaendelea kupungua bila mtu kuugua. Mchicha wa mboji umejaa kiasi kwamba jirani yetu wa ile hodi sasa anakuja na kisu.

Nayaandika haya kwa sababu taifa zima liko kwenye njia hii. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo la kuungwa mkono kwa nguvu zote, kwani moshi wa kuni na mkaa unaingia kwanza kwenye mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Na tunajua mabadiliko makubwa yanawezekana. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, faini ya kukutwa nayo ikianzia shilingi 30,000, na sokoni watu wakabadilika kwa sababu katazo lilimgusa muuzaji na mnunuzi, tajiri na maskini, siku ile ile. Mzigo uliogawanywa hubebeka.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Kila shilingi inayookolewa kwa kuacha kitu cha kununua hugeuka kuwa maji ya kuchota, kitu cha kufua, lundo la kugeuza au moto wa kuangalia. Mara nyingi kazi hiyo humwendea yule ambaye hakuulizwa, na mara nyingi zaidi ni mama na binti. Maisha ya kiasi yanayosimama juu ya mgongo wa mtu mmoja si ya kiasi. Yamehamisha gharama tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifungua daftari lako mwezi wa kwanza, chora safu mbili: fedha itakayookolewa na kazi itakayoongezeka. Mbele ya kila kazi andika jina la atakayeifanya, naye awepo wakati unaliandika. Ukiona jina lile lile linajirudia kila mstari, futa mpango huo, ita kikao, mwanze upya pamoja.