Baridi hukopa, haiibi

Mfyuu! Siku nne, jamani. Siku nne mfululizo tela lile lilisimama hapa kando ya barabara ya Kasumbalesa likingoja karatasi za forodha, limebeba shaba tani 30, na kila asubuhi dereva alimwita kijana wa kwado, kijiwe chetu cha matairi: "Tia tena mupepo kidogo." Kijana anavuta mpira wa kompresa, anajaza, anapokea falanga zake, biashara imekwisha. Kesho yake tairi limelegea tena.

Kijiweni tuligawanyika. Wengi walisema ni baridi ya Julai. Nami siwabezi, kwa sababu baridi yetu si ya kuambiwa: Lubumbashi imekaa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya kiangazi inang'ata masikio. Upepo ukipoa husinyaa. Tairi la bar 8 likipoa kwa digrii 10, kipimo hushuka kama 0.3. Lakini baridi hukopa, haiibi. Jua likipanda, inarudisha chote ilichochukua. Tairi hili alfajiri lilisoma 6, na saa sita mchana, jua la utosi, bado lilikuwa 6 na kitu. Hapo kuna tundu, ndugu zangu, na tundu halishibi kwa kulishwa.

Baya zaidi, ni tairi la ndani. Tela la ekseli tatu lina matairi 12, na sita kati yake yamejificha nyuma ya pacha zake. Dereva anazunguka, anapiga teke la nje, anasikia gumu, anapanda kibandani. La ndani likilegea, la nje linabeba mzigo wa mawili kimyakimya; yanasuguana, yanapata moto, na kwa moto wa tairi kamioni nzima inaweza kuteketea. Kutoka hapa hadi mpakani Kasumbalesa ni kilomita kama 90, na kwenye barabara hiyo wanatembea pia watoto wa shule na akina mama wenye beseni kichwani.

Siku ya tano karatasi zikatoka. Dereva akaja mbio na falanga mkononi. Safari hii alimkuta mzee mwenyewe, mwenye kijiwe, si kijana. Mzee akatikisa kichwa: "Mupepo siuzishe tena. Tufungue."

"Baba, niko na haraka, patroni anapiga simu."

"Mwambie patroni aje aongee na mimi."

Huyo kwangu ndiye fundi. Anayekataa falanga za leo ili mtu afike salama.

Hakukimbilia jeki. Alikoroga maji na sabuni ya unga, akayapaka kwanza kwenye valvu na kwenye ule mrija mrefu unaoleta valvu ya tairi la ndani huku nje. Valvu na mrija huo ndio watuhumiwa wa kwanza, na dawa yake ni rahisi kuliko zote. Kimya, hakuna povu. Ndipo akaweka magogo kwenye magurudumu, akainua, akatoa upepo wote wa matairi yote mawili kabla ya kugusa nati hata moja. Kijana aliuliza kwa nini apoteze muda hivyo. Kwa sababu rimu yenye ufa, upepo ukiwa bado ndani, inaweza kuruka nati ya mwisho inapolegea.

Tairi la ndani lilipotoka, walilijaza kidogo likiwa chini na kulipaka sabuni pande zote. Kwenye meno yake hakukuwa na msumari wala waya. Ila pale tairi linapokutana na rimu, vijipovu vikaanza kupanda, vidogo vidogo kama vya munkoyo unaochacha. Kutu! Rimu ilikuwa imeota magamba ya kutu, tairi halikukaa vizuri, na upepo ulikuwa ukipenya usiku kucha.

Wakalivua, wakakwangua rimu kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, wakaifuta. Mzee akaingiza tochi ndani ya tairi kutafuta mikunjo na unga wa mpira uliosagika. Mafundi wa matairi wana kanuni yao: tairi lililotembea likiwa na upungufu wa asilimia 20 ya upepo wake lihesabiwe kuwa limetembea bapa, na likaguliwe kabla ya kujazwa, maana nyuzi za ubavuni zikiwa zimekatika, ubavu unaweza kupasuka kama bomu upepo ukirudi. La kwetu lilikuwa limesimama tu, na ndani palikuwa safi.

Hata hivyo walilijazia ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa kompresa mrefu, kila mtu mbali na ubavu wa tairi. Vijana wangu wa kwado, mnaokalia tairi huku linajazwa, nawasihi, acheni. Na ninyi mapatroni, mpeni dereva hiyo nusu siku.

Jioni kipimo kilisoma 8. Dereva alilala, hakuondoka. Alfajiri, kwenye baridi kali, 7.6, naye akashika kichwa. Mzee akamwambia asubiri jua. Saa sita mchana: 8.