Mchunga Umenichunga

Juzi baba mmoja wa mtaa wa nyuma kaniamkia shikamoo. Mzee mwenye wajukuu! Nikageuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Hakuna mtu. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mwizi, nikaongeza mwendo. Sasa sogeeni niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, kabla Mangi wa dukani hajaitia chumvi. Na hiyo chumvi nayo nina kesi nayo, nitaifikia.

Chanzo ni mama mkwe. Kaja kutoka Lushoto na kikapu cha mapeasi na goti bovu. Usiku wa kwanza tukamwekea mchicha, fungu la jero. Akautafuna kama mtu anayetafuna gazeti. "Huku kwenu hakuna mchunga?" Mdomo wangu huu! Nikasema upo tele, mama, mimi nimekulia shamba. Shamba lenyewe Buguruni. Mke wangu akaniangalia, akanyamaza. Mke wangu akinyamaza, jua anajiandaa kucheka.

Jumapili hata jua halijachomoza nasikia mlango, ngo ngo ngo. "Baba Shufaa, goti limenishika. Hebu nichumie mchunga." Utamkatalia mkwe? Thubutu. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kikapu kina mapeasi, mimi nikabeba ndoo ya kuogea. Ndoo nyekundu.

Kuna kiwanja cha mtu kule bondeni, hakijajengwa, nyasi mpaka kiunoni. Nikaingia. Tatizo la majani, ndugu zangu, yote ni ya kijani. Nachuma hili, nanusa lile, naonja kidogo, natema. Kishona nguo kikanivamia suruali nzima, vile vimbegu vyake vyeusi, nikawa kama nungunungu. Na watu wanapita wanakwenda kanisani. "Za asubuhi, Baba Shufaa?" Nikajibu: "Nzuri, natafuta majani." Ndivyo nilivyowajibu. Mtu mzima, alfajiri, peku, ndoo nyekundu, anatema mate, anatafuta majani. Mama mmoja akamvuta mwanawe ng'ambo ya barabara.

Nyumbani mama mkwe akamwaga ndoo kwenye ungo. Kumbe mchunga una kipimo chake: ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na jani lake lina kona kona kama limekatwa na mtoto mwenye mkasi. Akavunja moja, kavu. La pili, kavu. Akatenga mafungu matatu, hana haraka. La kwanza vikonyo vichanga vya kishona nguo. "Hii kwetu mboga, tunaiita mbwembwe." Nikavimba kifua. La pili la mbuzi. La tatu akalitazama muda mrefu. "Na haya matembele ya nani?" Sikujua ni ya nani. Nilijua tu hayakuwa yangu. Kwa hiyo mafungu yalikuwa hivi: la watu, la mbuzi na la polisi.

Akachukua fimbo, akajikongoja mpaka nyuma ya choo chetu. Dakika tano karudi na kanga imejaa mchunga. Nyuma ya choo changu! Ule ule ninaoufyeka kila Jumamosi huku nanung'unika, magugu haya hayaishi.

Mke akauchemsha, akataka kumwaga maji ya kwanza upungue ukali, kisha aupike na nazi na nyanya kama watu wenye huruma. Mama akamshika mkono. "Unamwaga dawa?" Yale maji yakatiwa kwenye kikombe, kikombe kikaja kwangu. Kwa mama mkwe kila kichungu ni dawa. Muarobaini umepewa jina kwa maradhi arobaini, na mchunga kwake hauko nyuma: tumbo, damu, homa, uvivu. Hilo la uvivu alilisema akiniangalia. Mke akanong'ona, ukiwa na homa we nenda kapime. Sina homa! Nina mkwe! Nikanywa. Machozi yakanilenga, na mbele ya mkwe huwezi kukunja uso. "Umemkolea," akasema mama. Nikaongezewa.

Mezani ndiyo nikasomewa maisha yangu yote. Mama anaamini mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa hana nywele. Akakitazama kipara changu kwa upole. "Mama yako alipenda mayai sana, eeh?" Anaamini pia kwamba ukizoea kulia kwenye sufuria, siku ya harusi yako mvua inanyesha. Ya kwangu ilinyesha mpaka turubai likambebea bwana harusi maji na kumwagia shingoni. Mama alikuwepo. Sikujitetea, maana ukoko nimeula sana.

Usiku chumvi ikaisha. Nikatumwa kwa Mangi, wamejaa kwenye benchi. Nikaagiza kwa sauti: "Mangi, chumvi!" Kimya. Nikajua nimevuruga. Eti chumvi usiku haitajwi jina lake. Kibibi kimoja kikanifundisha, inaitwa dawa ya mboga. Sawa bibi. Nikarekebisha, tena kwa heshima zote: "Nipe dawa."

La mboga nikalisahau.

Benchi zima likatazamana. Yule aliyeonekana alfajiri kwenye nyasi na ndoo, sasa usiku anafuata dawa, na kipara chake kinameta. Nikaona mtu anampiga mwenzake kiwiko.

Basi ndiyo zile shikamoo. Na jana yule mzee wa mtaa wa nyuma kagonga hodi, kashika jogoo mwekundu, anaulizia mgongo wake. Nikamwambia mimi sijui kitu, mzee, nenda hospitali. Akatikisa kichwa kwa heshima. Eti wanaojua kweli hawajisemi. Akaniachia jogoo mlangoni, akaondoka kinyumenyume.

Niseme ukweli, kumkimbilia nirudishe jogoo sikuweza. Siku ya tatu nakula mchunga! Nikaingia naye ndani kama nimeshinda bahati nasibu. Leo nyama, mama, leo tumepumzika.

Mama mkwe akamshika jogoo mapaja, akamgeuza, akaridhika. "Huyu na mchunga wanapatana sana. Baba Shufaa, ndoo yako iko wapi?"