Nyegere Aliyesusa Asali

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali, ni mwaka 2010, palikuwa na nchi iliyotawaliwa na Tai mwenye kichwa cheupe. Kila msimu matarishi wake walizunguka vichakani kukusanya asali, kila mnyama akatoa kwa kadiri ya mzinga wake, Nyegere na ukoo wake wakiwamo. Njaa ilipoipiga nchi, Tai akatangaza kuwa asali itarudi vijijini, ila kwa sharti. Kijiji cha Nyegere kikapangiwa mizinga 810 ya kujenga njia ya jongoo wa chuma, kutoka mji wa ziwani hadi mji wa baraza, na si kwa kazi nyingine yoyote.

Nyegere alikuwa ndio kwanza amechaguliwa kuwa mkuu, hata kutawazwa bado, na katika kampeni yake alimsimanga sana huyo jongoo. Akatuma barua: asali naitaka, jongoo simtaki, nipeni nizibe mashimo ya barabara zangu.

Karani wa Tai akamjibu: "Bwana mkubwa mteule, asali ya jongoo ni ya jongoo. Kama huitaki sema, wenzio wako kwenye foleni."

Hapa nimtetee Nyegere kidogo. Jongoo hula kila siku. Njia anajenga Tai, lakini mlo wa kila mwaka, au sehemu yake, ungebaki juu ya kijiji. Mkuu anayeuliza nani atamlisha mwaka wa kumi hajauliza upuuzi. Shida ni kwamba hakuishia hapo. Alipanda juu ya kichuguu akanadi: "Nimewaokolea asali yenu!" Vigelegele vikapigwa.

Kobe akanyoosha shingo kutoka safu ya nyuma. "Mwanangu, ile ndoo niliyotoa msimu uliopita, inarudi kwangu?"

"Inarudi ghalani, mzee. Inapunguza deni la nchi."

"Nani kakwambia?"

Haikurudi. Desemba ya mwaka huohuo, kabla Nyegere hajavaa joho, mizinga ikafungwa kamba ikabebwa, pamoja na 385 ya Kulungu, mkuu mteule mwenzake aliyekataa kwa maneno yaleyale. Dubu wa pwani ya magharibi akaahidiwa zaidi ya 600, Mamba wa kusini naye akapewa fungu lake. Baada ya miezi miwili na ushei, mkuu mpya wa kijiji cha Mamba akasusa mizinga yote 2,400 ya kijiji chake, nayo ikagawiwa wengine. Mke wa Dubu akaonekana gulioni na kanga mpya, pindo limeandikwa: UKISUSA WENZIO TWALA.

Kwa wasiopenda mafumbo, mzinga mmoja ni dola milioni moja, na Tai ni serikali ya shirikisho ya Marekani. Nyegere ni Scott Walker wa Wisconsin, jimbo linalojiita kwa jina la mnyama wa ukoo huo, na njia ni ya treni ya Milwaukee hadi Madison. Kulungu ni John Kasich wa Ohio, Mamba ni Florida, na mkuu wake mpya ni Rick Scott. Dubu yuko kwenye bendera ya California, mtamwona.

Ila kijijini palibaki jambo. Mkuu aliyetangulia alikuwa ameshaagiza jongoo wawili kwa mafundi wa Uhispania, waitwao Talgo, kwa mizinga 47. Jongoo wakakamilika, wamepakwa rangi, viti vimefungwa, harufu ya upya imejaa ndani. Kijiji kikakataa kuwajengea banda. Fundi akashitaki, na mwaka 2015 kijiji kikaongeza karibu mizinga 10 ili kesi iishe. Jongoo wenyewe wakabaki kwa fundi. Hesabu hiyo sikusikia ikinadiwa juu ya kichuguu.

Januari 2022 akaja mgeni kutoka Lagos, gavana naye, wa jimbo lililo chini ya serikali ya shirikisho kama lile la Nyegere. Akawakagua jongoo kichwa hadi mkia, akawanunua wote wawili ili wabebe watu wake. Nyegere wakati huo alikwishang'olewa kwenye kiti. Kobe, ambaye safari ya ziwani hadi barazani bado huenda kwa miguu, alijikokota mpaka walipokuwa wakipakiwa, akaomba apandishwe angalau hadi bandarini.