Kigoda cha Baba chini ya Tangi

Baba alifariki mwezi wa tisa mwaka 2022. Ilipokaribia arobaini yake, Dar es Salaam ilikuwa imeshaingia kwenye mgao wa maji, kwa sababu mvua zilichelewa na Mto Ruvu ukapungua mno. Angekuwapo, angetukumbusha kwamba maji yale yanashuka kutoka milima ya Uluguru. Ndivyo alivyokuwa akisema kila mtoto alipoacha koki wazi.

Usiku wa kuamkia hitima, shangazi zetu walikuwa wamelala ukumbini kwenye mikeka. Masufuria ya kukodi yalipangwa uani, na mchele uliokwishachambuliwa ulikuwa stoo. Saa nane na nusu nikasikia koki ya uani ikikohoa. Maji yamerudi! Tangi la chini lilipoanza kujaa, niliwasha pampu yapande kwenye tangi la juu, lile la lita 2,000, kisha nikarudi kujinyoosha. Nilijua mle ndani mna boya, na maji yakilifikisha juu linazima pampu lenyewe.

Boya lilikuwa limekufa siku nyingi. Hatukujua, maana katika nyumba ile maji hayakuwahi kumwagika.

Nilizinduliwa na kelele za shangazi mkubwa. Maji yalikuwa yanaporomoka kutoka juu ya mnara wa tangi, yamejaa uani, yamepita chini ya mlango wa stoo na kuyafikia magunia. Wengine walikokota mchele, wengine walisukuma maji kwa fagio, nami nilikuwa napapasa gizani kutafuta swichi. Majirani walikuja na ndoo na madishi kukinga yaliyokuwa yakielekea mtaroni. Walikuwa na siku kadhaa hawajaona tone. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama alikuwa kwenye eda. Alisimama mlangoni mwa chumba chake, amejitanda kanga.

"Baba yenu alikuwa halali pampu ikiwaka," akasema. "Alikuwa anakaa pale."

Akaonyesha kigoda kilichokuwa chini ya mnara. Tangu utoto wetu tulikuwa tukikiona, tukidhani ni cha kutawadhia. Kumbe kila maji yalipotoka, usiku wa manane, Baba alikaa pale hadi tangi lijae, na asubuhi akaondoka mapema kwenda kwenye cherehani yake Kariakoo. Sisi tuliamka tukakuta ndoo zimejaa, tukaoga, tukaenda shule. Sikumbuki hata siku moja kumuuliza zimejaaje.

"Kwa nini hakununua boya jingine?" nikauliza.

"Alisema atanunua. Kila akishika hela, ada ikatangulia."

Mchele uliolowa tuliupika kwanza, na hitima ikasomwa. Wageni walisimulia mengi mema juu ya Baba: hakukosa msiba wa mtu, hakulala nje ya nyumba yake bila kuaga. Nilitikisa kichwa kukubali, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kigoda.

Maji yalipotoka tena, nilikaa mimi. Mbu walikuwa wengi. Dirisha la Mama likafunguka kidogo.

"Sikiliza sauti," akasema. "Sasa hivi ni nzito, tangi bado tupu. Ikiwa nyembamba, weka mkono kwenye swichi."

"Umejuaje, Mama?"

"Ningelalaje na yeye yuko nje?"

Tukasikiliza pamoja, yeye ndani, mimi nje. Nilipotaka kuzima, akasema bado. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba kama filimbi.

"Haya, zima."

Nikazima. Halikuanguka hata tone moja.

"Ingia ndani sasa, umande huo," akasema, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia ikisemwa kwangu. Kisha akanyamaza, akafunga dirisha.